Ribaundi Tano za Skola

Manka aliponipa ile karatasi niliitambua kabla sijavaa miwani. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imegeuka manjano kwenye mikunjo, na pembeni ilikuwa na doa la gundi ya mbao nililolitia mwenyewe kwa uzembe wangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa Rau, nyumbani kwa Manka, wanawake wanne wenye magoti mabovu, na bahasha kubwa ya kaki kutoka Italia ilikuwa imefunguliwa katikati ya meza, pembeni ya hotpoti la mtori, supu yetu nzito ya ndizi. Bruda Elio, mtawa aliyetufundisha mpira wa kikapu, alikuwa amefariki kwao. Mpwa wake alipokuwa anasafisha chumba chake alikuta faili limeandikwa "Moshi", akaona heri alitume kuliko kulitupa. Ndipo Manka akatupigia simu: njooni tumkumbuke mzee wetu, tule, tusali, tucheke kidogo. Nikasema nitakuja. Ningejua kilichomo kwenye bahasha ningesema naumwa.

Skola alikuwa amekaa mkabala nami. Alikuwa ametoka Mkuu asubuhi, kule Rombo alikofundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na ile mikono yake mikubwa ilikuwa imetulia juu ya meza kama vile haina kazi duniani. Kwa karibu miaka arobaini tumekutana kwenye harusi na misiba, tumeulizana habari za watoto, tumeitana mwenzangu. Na muda wote huo nilikuwa na jambo moja la kumwambia na sikumwambia. Nilitaka kusema alipoolewa, nikaona nitamharibia sherehe. Nilitaka kusema alipofiwa na mumewe, nikaona si wakati. Mimi ni hodari sana wa kuona si wakati. Sasa karatasi yenyewe imefunga safari hadi Ulaya na kurudi, imelala mbele yangu, na Ndeshi, pembeni yangu, ananiambia, "Haika, si wewe ndiye uliyekuwa unaandika? Hebu tusomee." Nikasema mwanga hautoshi. Saa saba mchana!

Mwaka ule tulikuwa wasichana tisa wa ushonaji kwenye chuo cha ufundi cha misheni, Old Moshi, juu kabisa ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya kabati. Bruda Elio alikuwa mwalimu wa useremala wa wavulana. Sisi hatukumhusu hata kidogo, ila siku moja alituona tunarushiana kifurushi cha vitambaa kutoka dirisha moja hadi jingine, akaacha randa yake na kuja mbio. Ndani ya wiki mbili alikuwa amesimamisha nguzo mbili za mkaratusi kwenye kiwanja cha changarawe, akapigilia mbao, akapinda nondo kuwa ringi. Alikuwa mfupi, mwenye nyusi nyingi na sauti ya mtu anayegombana hata akikuamkia. Tukimwambia "Shikamoo Bruda," anajibu "Marahaba, kunja magoti, mikono juu!" maana kwake salamu na mazoezi vilikuwa kitu kimoja. Alikuwa anaudhi. Watu wakifa tunawapaka asali, lakini mimi nasema ukweli, alikuwa anaudhi sana, na nilimpenda, na nilitaka anisifu kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote mwaka ule.

Ukutani kwenye karakana yake, juu ya meza ya kunolea, alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti la kwao. Magazeti yalimfikia kwa posta, habari zikiwa zimechacha, na yeye aliyasoma kama ya asubuhi ile. Ukurasa huo ulikuwa na takwimu za mechi moja ya kikapu ambayo timu ya mji wao ilifungwa kwa pointi moja. Majina yalipangwa upande wa kushoto, namba zikaenda kulia kwa safu: pointi, mitupo iliyoingia na iliyokosa, faulo, mipira iliyopotea, na ribaundi, yaani ile mipira inayogonga ringi ikakataa kuingia, na mtu mmoja akaruka akaidaka kabla ya wengine. Alitusomea ukurasa huo kama padri anavyosoma Injili. "Huyu hapa," alisema akigonga jina la kwanza kwa kidole chenye vumbi la mbao, "amefunga pointi ishirini na sita. Gazeti limemwimbia. Lakini tazama huku, amepoteza mpira mara saba! Saba! Na tumefungwa kwa moja!" Nyusi zinatetemeka, mpaka tunamwonea huruma. Halafu kidole kinashuka hadi jina la mwisho, mzee mmoja wa timu, pointi mbili tu, ribaundi kumi na nne. "Huyu ndiye alicheza. Nani amemwona? Hakuna aliyemwona. Karatasi imemwona."

Mimi na Skola tulikuwa chumba kimoja, cha mwisho kwenye korido ya bweni, dirisha linatazama migomba na ukuta una unyevu hata kiangazi. Yeye alitoka kule chini kwenye mashamba ya miwa. Baba yake alikuja kutoka Kigoma kukata miwa na hakurudi tena kwao. Alikuwa mtoto wa joto, masikini; mwezi wa kwanza alilala na sweta mbili na soksi, na mimi nikamcheka. Siku aliyoonja kiburu, ndizi na maharage tulivyopika kwa magadi, alishika kijiko hewani akaniuliza taratibu, "Ninyi watu, mnatia sabuni?" Tulicheka mpaka matroni akagonga mlango. Baada ya miezi miwili alikuwa anamaliza chake na kuja kwenye sahani yangu. Jumapili za kutembelewa, wenzetu wote walikuwa na mama au shangazi anayekuja na mkungu wa ndizi kichwani. Skola hakuwa na mtu. Kutoka kwenye miwa hadi kwetu ilikuwa mbali, na baba yake Jumapili alilala kwa uchovu. Basi wangu wakawa wake, na mama yangu alimwita "mwanangu yule mrefu", ingawa hakuwa mrefu kunizidi. Alikuwa anaruka tu.

Na alivyoruka, Mungu wangu! Sijui nieleze vipi. Mpira ukienda ringini, sisi wengine tuliutazama, tukaomba, tukafumba macho. Yeye aliutazama mtu aliyetupa, akajua utaangukia wapi, akawa ameshafika. Hakupenda kufunga. Ukimpa nafasi ya wazi anakurudishia. Akishaudaka ule wa kukosa anaukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, anatoa viwiko nje, na hapo hata kaka zetu wa useremala hawakumnyang'anya. Bruda alikuwa anapiga kelele, "Kumi na nne! Kumi na nne!" akimaanisha yule mzee wa gazetini. Skola alikuwa na ndoto moja, na aliniambia mimi tu, amejifunika shuka hadi kidevuni: kuingia timu ya mkoa. Waliokwenda na timu ya mkoa Dar es Salaam walionekana na mashirika, na mashirika wakati ule yalikuwa na timu zao, yanakuajiri ili uchezee. "Haika, mimi ushonaji siuwezi," aliniambia. "Kola zangu zote zinatazama upande mmoja. Nisipokwenda na mpira, narudi kwenye miwa." Hakulia. Alisema kama anavyosema mtu kesho kuna mvua.

Pasaka nilimchukua twende kihambani kwa babu, kwenye shamba la ukoo. Palichinjwa mbuzi. Asiyetoka kwetu pengine hajui, lakini kwetu nyama haigawiwi ovyoovyo. Kidari kina mwenyewe, mgongo una mwenyewe, na shangazi aliyeolewa mbali ana kipande chake, na ukikisahau utaisikia habari hiyo mpaka watoto wako waoe. Hakuna mtu wa ukoo anayeondoka mikono mitupu. Mwaka ule kipande cha shangazi alipewa mtu mwingine, basi, ilikuwa balaa. Alisimama katikati ya uwanja akatutajia mababu wote kwa majina. Skola alikuwa amekaa kwenye kigoda anatazama kwa macho makubwa. Mwishoni alimuuliza babu kwa adabu, "Na mgeni, babu, kipande chake ni kipi?" Watu wakacheka. Babu akasema, "Mgeni anapewa, mwanangu," akamchagulia pande zuri lenye mafuta. Skola akasema "aika," kama tulivyomfundisha kushukuru, akala. Nililisikia jibu lile na sikuona chochote ndani yake.

Tulichelewa kurudi chuoni kwa ajili ya ugomvi ule, na nilipomweleza Bruda sababu alicheka mpaka akakalia benchi. Tangu siku hiyo alikuwa na msemo wake, akautumia hadi tukachoka. Kila Jumapili alibandika takwimu zetu kwenye mlango wa karakana, na watu wakitoka misani walipita wakasoma. Msichana akienda kumlilia kwamba amepewa namba ndogo, Bruda anainua kidole: "Karatasi yangu haina shangazi!" Ndeshi ndiye aliyeumia zaidi. Alicheza dakika nyingi, alikimbia kama mbuzi aliyekata kamba, lakini kila Jumapili safu zake zilikuwa sifuri, sifuri, sifuri. Nilikuwa ndani ya karakana siku mjomba wake aliyemlipia chuo aliposimama mlangoni na rafiki zake. Nilimsikia kupitia mbao. "Huyu ndiye wetu? Sifuri? Mtoto anatoroka cherehani aende kuokota sifuri? Mara nyingine nikiiona hii, mpira basi, arudi nyumbani." Rafiki zake wakacheka. Ndeshi alikuwa amesimama nyuma yao na Biblia mkononi. Jioni ile hakula.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika hizo sifuri. Nilikuwa mchezaji kama wengine, tena mzuri, Bruda alishasema nami huenda mkoa wakanitazama, hadi nilipoteleza kwenye ukingo wa mfereji nikitoka kuchota maji na kifundo cha mguu kikavimba kama kiazi. Wiki sita. Bruda hakunipa pole. Alinipa penseli. "Wewe una macho na hasira," alisema. "Kaa hapa, andika." Nilikaa kwenye kile kiti kifupi cha mbao nikiwaangalia wenzangu wanacheza nafasi yangu, na nilijisikia vibaya kiasi kwamba hadi leo nikiona penseli iliyochongwa vizuri nakasirika. Kila mpira uliodakwa ni kijistari. Jumatatu, vijistari vile ninavihesabu na kunakili kwa kalamu ya wino kwenye karatasi safi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, vijistari kwanza na wino baadaye, na hiyo ndiyo niliyokuja kuifanya maisha yangu yote, karani wa masjala, hodari wa nakala safi. Mungu ana utani wake.

Mechi ya kuchaguliwa tulicheza mjini, kiwanja cha saruji, na wasichana wa mjini wenye raba nyeupe. Tuliteremka kwa pikapu ya chuo tukikalia mbao. Nafasi ya senta, mchezaji wa chini ya ringi, kwenye timu ya mkoa ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya Skola au ya senta wao, na kila mtu alijua. Mteuzi wa timu ya mkoa alikuja na suti ya kaunda, akakaa kivulini, akanywa soda mbili, na wakati wa mapumziko akasimama, akajinyoosha, akamwambia Bruda ana mtu anamsubiri. "Nitumie karatasi yako, Bruda. Wenzako wa mjini nao watanitumia yao. Nitalinganisha." Akaondoka! Wasichana wamekuja na roho zao mkononi, na yeye ana mtu anamsubiri. Bruda hakukasirika kama nilivyotegemea. Aliona ni sawa kabisa. Alinigeukia akasema, "Umesikia? Karatasi ndiyo mteuzi."

Nusu ya pili Skola alicheza kana kwamba kuna mtu anamwona. Penseli yangu ilikuwa haipumziki. Bruda aliniingiza mimi dakika tatu, mguu umefungwa bendeji, nikampa mwenzangu wa benchi karatasi, nikarusha mpira wa pembeni mara moja, nikachechemea, nikatolewa. Mstari wangu ulibaki mtupu kama wa Ndeshi. Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Senta wao akatupa, ukakosa, Skola akaupanda hewani akaudaka na kumpa Manka, kapteni wetu, na Manka akakimbia peke yake mpaka chini ya ringi akaukosa. Skola alikuwa ameshafika hapo pia. Ukiwa mikononi mwake, filimbi. Tulifungwa kwa pointi moja, kama timu ya mji wa Bruda, na Bruda alikaa chini palepale kwenye saruji akashika kichwa. Kwenye pikapu Manka alilia njia nzima. Skola alimshika bega. Mimi nilikuwa nimekalia ubao wenye karatasi, kwa kuogopa isipeperuke.

Jumatatu mchana nilikuwa peke yangu karakanani. Gundi ilikuwa juu ya jiko inatokota, na ukutani yule mzee wa Italia na ribaundi zake kumi na nne ananitazama. Nikahesabu vijistari vya Skola. Kumi na sita. Vilikuwa vimejaa kisandukuni vikamwagikia nje. Nikahesabu vya Ndeshi, hakuna kitu. Kichwani nikamsikia tena mjomba wake nyuma ya mbao. Nikahesabu vya Manka, hakuna kitu, na Manka ni kapteni, ametoka kukosa kikapu cha ushindi mbele ya mji mzima, sasa Jumapili watu watoke misani wasome na sifuri? Sikufikiri sana. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba sikufikiri sana. Mkono ulijua wenyewe. Nilisema moyoni, Skola anazo nyingi. Nikampa Ndeshi mbili, nikampa Manka mbili za ukapteni wake, nikaendelea kugawa, na nilipofika mwisho Skola alibaki na kumi na moja. Nyingi bado kuliko za yeyote. Nilifurahi hata. Nilisikia kama nimepika chakula kikatosha watu wote. Ile ya vijistari nikaisokota na kuitupa kwenye lundo la maranda, nikamwaga gundi kidogo juu ya nakala safi, nikaifuta kwa kidole.

Bruda akampelekea mteuzi namba hizo, na senta wa mjini karatasi yao ilimpa kumi na tatu. Jina lake ndilo lililokuja. Barua iliposomwa mbele ya ofisi, Skola alisikiliza hadi mwisho, akangoja kidogo pengine kuna ukurasa wa pili, halafu akaenda bwenini akatandika kitanda ambacho kilikuwa kimeshatandikwa. Nilimfuata. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Akaniambia, "Haika, usinipe pole. Nimepata kumi na moja, yeye kumi na tatu. Nilidhani nimeruka zaidi, kumbe." Akakaa. "Kumbe nilikuwa najiona tu." Hapo ndipo ningesema. Mlango umefungwa, tuko wawili, mteuzi yuko mjini, barua ina siku moja. Nikamwambia mwakani atapata. Bruda naye aliniita karakanani. Alikuwa na nakala safi mkononi na nyusi zimeshuka. "Mimi niliona zaidi," alisema. "Nilihesabu kichwani, nilipata kumi na nne, kumi na tano. Uliandika zote?" "Ndiyo, Bruda." Akaitazama karatasi muda mrefu. "Basi macho yangu yamezeeka," akasema, na akaiamini. Mtu mzima yule! Aliyeona kwa macho yake akaenda kuamini wino wa msichana mwenye mguu uliovimba. Nimemkasirikia kwa hilo kuliko ambavyo ningemkasirikia angenizaba kofi.

Ndeshi hakukatazwa mpira. Mjomba alisoma mbili akasema angalau. Mwaka ukaisha. Skola hakurudi kwenye miwa. Matroni alimtafutia chuo cha ualimu, akapangiwa Rombo, na nasikia shule aliyofundisha ilikuwa na ringi mbili za nondo. Hakuna mtu aliyekufa kwa ajili ya ribaundi tano. Hiyo ndiyo hoja niliyojitetea nayo miaka yote, na kila nikiisema inanichukiza zaidi. Hakufa. Aliishi maisha mengine tu, yasiyo yake, na aliyaishi akidhani amejipimia vibaya.

Basi, hapo mezani Rau, nilipokataa kusoma, Skola alinyoosha mkono akaichukua karatasi mwenyewe. Akavaa miwani. Alipoikunjua, kitu kikaanguka kutoka ndani yake, karatasi nyingine, ndogo, yenye makunyanzi, ambayo mtu aliinyoosha kwa uangalifu, akaibana na pini. Vijistari vya penseli. Bruda aliikuta kwenye maranda. Sijui lini, kabla ya barua au baada, sitajua tena. Aliikuta, akainyoosha, akazungushia duara mstari wa Skola, akaibana na ile yangu, akaondoka nazo hadi kwao na hakufungua mdomo. Yeye, na kidole chake hewani! Karatasi yake haina shangazi, lakini mimi alinifichia. Pengine alinionea huruma. Sikuiomba huruma hiyo, na angenitoa hadharani Jumapili ile mlangoni ningelia siku tatu yakaisha.

Skola alihesabu kwa kidole, midomo inatembea. Akahesabu tena. Manka alikuwa ameshika upawa, mtori unadondoka. "Kumi na sita," Skola akasema. Akaweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, kama mwalimu anayesahihisha watoto walionakiliana. "Hapa zangu tano hazipo. Ndeshi hapa hana kitu, hapa ana mbili."

"Mbili nilizipenda hizo," Ndeshi akasema kwa sauti ndogo. "Nilijua si zangu. Nilidhani Haika amekosea, nikanyamaza, kwa ajili ya mjomba."

"Mjomba wako namkumbuka. Hizo sawa." Kidole kikapanda. "Manka mbili."

"Yesu wangu," Manka akasema, akakaa.

"Kapteni. Haya. Nne hizo." Skola akanitazama juu ya miwani, hakuwa na hasira. "Ya tano iko wapi, Haika?"

Anajua kusoma. Iko pale, mstari wa mwisho, kwa wino wangu mzuri wa masjala. Nimeandika haya yote na nimepita pembeni ya mstari ule kama mtu anayepita pembeni ya mbwa. Ndeshi alikuwa na mjomba, Manka alikuwa na machozi. Mimi sikuwa na chochote ila dakika tatu za kuchechemea na roho mbaya ya kutotaka kubaki mtupu. "Nilijipa mimi," nikasema.

"Nne za wenzetu ningekupa mwenyewe ungeniomba," Skola akasema. "Kwenu hakuna anayeondoka mikono mitupu, nilishaona kwa babu yako. Lakini mimi nilikuwa nalala kitanda cha pili. Ulishindwaje kuniomba?" Nikaanza kulia, na hata kulia kwenyewe kuliniudhi, maana aliyestahili kulia hakuwa mimi. Akaningoja nimalize. Halafu akafungua mkoba, akatoa daftari la shule na kalamu, akavisukuma kwangu juu ya meza. "Nakili upya."

Nikanakili. Majina kushoto, safu kulia. Ndeshi aliinama begani kwangu akasema, "Andika tu sifuri yangu, dada, mjomba alishakufa," na Manka akacheka huku anajifuta macho kwa kanga. Nikaandika sifuri ya Ndeshi. Nikaandika sifuri ya kapteni. Kwa Skola nikaandika kumi na sita, kwa tarakimu kubwa, kisha kwa maneno, kama tunavyofanya masjala ili mtu asiweze kuchezea. Mwisho nikafika kwenye mstari wangu, nikaujaza unavyotakiwa.

Skola aliusoma wake, akausoma wangu, akangoja wino ukauke. "Sasa hii ndiyo mechi niliyocheza," akasema. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akaenda kunawa mikono.